Kikao cha Wauaji wa Okidi

Watu hawaui okidi kwa chuki. Wangekuwa wanaziua kwa chuki ningewaelewa, maana hata mimi kuna asubuhi naziangalia na sioni nilichozipendea. Wanaziua kwa huruma. Mtu anarudi kutoka kazini kachoka, anaikuta imesimama pale dirishani, kimya, anaionea huruma, anaitilia maji. Kesho yake anaionea huruma tena. Mwezi haujaisha, majani yamelegea kama soksi, na mwenyewe anaapa mbele ya Mungu na watu kwamba hakuikosea kitu.

Kazi yangu ni kuwazuia. Natunza nyumba ya vioo ya okidi kwenye bustani ya mimea, na tangu naajiriwa niliambiwa kwamba kuotesha maua ni nusu ya kazi tu, nusu nyingine ni kufundisha umma kuyaotesha. Nikasema sawa. Wakati huo nilikuwa siujui umma.

Mwanzoni nilifundisha kwa upole. Nilipanga maua kwenye meza ya katikati, meupe, ya zambarau, ya manjano yenye madoadoa, nikasimama mbele yake nikaeleza. Okidi hii haikai kwenye udongo, inakaa kwenye vipande vya maganda ya miti. Mizizi yake inataka hewa. Ikiwa ya kijivu ina kiu, ikiwa ya kijani imeshiba, iache. Watu waliitikia kwa vichwa. Walipiga picha. Walinunua miche dukani pale mlangoni, wakaenda nayo nyumbani, wakaizamisha.

Meneja wetu, mtu mpole wa tai ambaye hajawahi kushika jembe na wala hafichi, akaniuliza inakuwaje watu wanatoka kwetu na furaha yote ile na hawajajifunza kitu. Nikamwambia ni kwa sababu tunawaonyesha maua. Mtu akiona ua, masikio yanaziba.

"Sasa tuwaonyeshe nini?"

"Maiti."

Akacheka. Mimi sikucheka, akaacha.

Ndivyo kikao kilivyoanza. Niliiondoa ile meza ya maua nikaweka tupu, juu yake kibao: LETE OKIDI ULIYOIUA. JUMAMOSI ASUBUHI. Nilitegemea wawili watatu wasio na aibu. Foleni ikatoka nje mpaka kwenye mitungi ya kaktasi. Walikuja na vyungu ndani ya mifuko, vimefunikwa magazeti, kama watu wanaopeleka choo maabara.

Kanuni nilizitunga mwenyewe na sizibadilishi. Mwenye mmea anasimama mbele, chungu mkononi, anajibu maswali matatu. Inakaa wapi? Unaipa maji lini? Unaogopa nini? Hilo la tatu niliongeza baadaye, nilipoona kwamba nyuma ya kila jagi la maji kuna mtu ana wasiwasi. Halafu anamimina chungu mezani kwa mikono yake mwenyewe, sote tuione mizizi. Hakuna kujitetea. Ukifungua mdomo na "lakini mimi", unaanza upya, tangu swali la kwanza. Hukumu sitoi mimi, wanatoa wote waliosimama pale, kwa sauti moja, na siku zote ni neno lile lile: "Maji!" Mimi nataja tiba tu. Wakanipachika jina la Hakimu. Sikulitaka, ila nimeshalizoea.

Kinyozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kulia. Jibaba lenye mikono minene, chungu kimepotelea kiganjani.

"Inakaa wapi?"

"Saluni, karibu na kioo."

"Unaipa maji lini?"

"Kila nikimaliza kichwa."

Watu wakashika midomo. Nikamuuliza anamaliza vichwa vingapi kwa siku.

"Inategemea. Mwisho wa mwezi, vingi."

"Unaogopa nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Wateja wasije wakasema sijali."

Alipomimina chungu ilitoka supu. Sitii chumvi, supu. "Maji!" wakasema wote, na yeye akasema nao. Tulikata mizizi yote iliyooza, tukainyima maji mpaka kinyozi akaanza kunichukia waziwazi, na okidi ikapona. Tangu siku hiyo hakosi Jumamosi. Mwingine asiyekosa ni mama wa miwani, anayeuza miwani mtaa wa pili na mwenyewe anavaa minene kuliko yoyote iliyo dukani kwake. Yeye alikuwa anaipulizia yake maji kwenye moyo wa majani asubuhi na jioni kwa sababu alisikia asili yake ni msituni. Alihukumiwa, akapona yeye na mmea wake, na sasa ndiye mkali kuliko wote kwenye maswali. Ananishinda mimi.

Sasa Baba.

Baba yangu alikuwa fundi wa lifti. Alikula mshahara maisha yake yote kwa kuwatoa watu waliokwama. Nilipokuwa mdogo alitusimulia mezani, mimi na Mama, na kila kisa kilikuwa kile kile: kuna watu ndani, wanapiga makelele, wanagonga mlango, na wenzao wako nje wameshikilia vyuma wanataka kuwavuta. "Ukimvuta mtu unamkata mguu," alikuwa akisema. "Kwanza unawatuliza walio nje. Halafu unausogelea mlango, unamwambia aliye ndani: nipo hapa, sina haraka." Mama, enzi za uhai wake, alisema hayo ndiyo maneno matamu kuliko yote aliyowahi kuyasikia kinywani mwa mumewe, na hakuambiwa yeye.

Mwaka jana Baba alianguka jikoni kwake. Alikuwa akiishi peke yake tangu tumzike Mama. Nilipita asubuhi na mkate, nikabisha hodi, kimya. Nikazunguka, nikachungulia dirisha la jikoni. Alikuwa amelala shavu juu ya vigae, macho wazi, ananitazama. Alikuwa pale tangu usiku, ameshindwa kuinuka. Akanipungia vidole. Jirani akaja akavunja kitasa.

Hakuvunjika mfupa. Daktari alisema presha ilishuka ghafla, akambadilishia dawa, akasema atembee, ajizoeze, ataendelea na maisha yake. Daktari huyo hakuwepo pale dirishani. Nilimhamishia Baba kwangu siku ile ile.

Kutunza ndiyo kazi ninayoijua, basi nikamtunza. Niliondoa mazulia yote asije akajikwaa. Niliondoa birika asije akaungua. Nilimfunga vifungo vya shati, nilimkatia nyama, nilimkataza kufunga mlango wa bafuni. Akikohoa naja. Akinyamaza naja mbio. Ufunguo wa nyumba yake, baada ya kitasa kipya kuwekwa, niliutia kwenye funguo zangu. Na kila asubuhi, nikimvalisha soksi, tulisema yale yale.

"Nipe ufunguo wangu, mama."

"Ukipona."

"Nimepona."

"Hilo nitalijua mimi."

Alikuwa haombi kingine. Si redio, si wageni, si chakula anachokipenda. Alitaka kurudi kwake, akae kwenye dirisha lake la jikoni, basi. Na mimi nilikuwa sitaki, basi.

Kwa kuwa sikuthubutu kumwacha nyumbani, nilikuja naye kazini. Nilimwekea kiti karibu na mlango, mbali na feni, nikamfunika blanketi. Ndiyo, ndani ya nyumba ya vioo, kwenye joto ambalo vioo vyenyewe vinatoka jasho. Meneja alipita, akamtazama, akanivuta pembeni.

"Mzee hasikii joto?"

"Ana damu nyepesi."

"Daktari kasema?"

"Nimesema mimi."

Meneja akaenda zake kutafuta kazi nyingine ya kufanya.

Nilimwona Baba akikaa pale siku nzima, mikono juu ya blanketi, na nikajisemea afadhali, ametulia. Nikienda chumba cha nyuma kumwagilia miche nilikuwa nachungulia kila baada ya muda, na kila nikichungulia yupo kitini, blanketi mpaka kidevuni. Watu wa kikao walimpenda. Kinyozi alimnyoa ndevu bure. Mama wa miwani alimpangusia miwani. Niliwashukuru kwa moyo mmoja, mjinga mimi.

Jumamosi moja nyumba ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Nilitoka chumba cha nyuma nikifuta mikono, nikauliza kama kawaida, "Haya, nani wa kwanza?"

Baba akanyoosha mkono.

"Baba, wewe huna chungu."

"Ninacho."

Akajifunua blanketi. Akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, akalitundika kwenye mgongo wa kiti. Akasimama. Nikaruka kwenda kumdaka, na kinyozi, bila hata kunitazama, akawa yuko njiani mwangu na mwili wake wote ule. Baba akatembea. Fimbo aliiacha kitini. Alipita kati ya meza, kidole kimoja kikigusa ukingo, akaliruka bomba la maji lililolala sakafuni bila kuliangalia, akafika mbele, pale wanapowekwa wagonjwa. Hapo ndipo nilipojua. Mtu haliruki bomba namna ile kama hajaliruka mara nyingi. Kila nilipokuwa chumba cha nyuma, Baba alikuwa anatembea, na kuna mtu alikuwa anamwashiria nikija, na umma wote ulikuwa unajua isipokuwa mimi.

"Mgonjwa ni mimi," Baba akasema. "Mwenye mgonjwa asimame."

Wote wakageuka kuniangalia. Nikahisi masikio yanawaka moto.

"Baba, watu wana kazi zao."

"Hatuna," akasema mama wa miwani.

"Kanuni ni kanuni, Hakimu," akasema kinyozi, uso mkavu.

Nikasimama. Nilikuwa nimeshasimama, lakini mnanielewa.

"Anakaa wapi?" mama wa miwani akauliza.

"Kwangu."

"Wapi kwako?"

"Kwenye kiti."

"Na mwanzo alikuwa anakaa wapi?"

"Kwake."

"Kwake kuna dirisha?"

"Kila nyumba ina dirisha, mama."

"Nimeuliza kwake."

"Lipo. La jikoni. Linatazama barabara. Alikuwa anakaa pale asubuhi anawasalimia watoto wa shule, kila mmoja kwa jina alilompa yeye mwenyewe, na wote wanaitika."

Kinyozi akakohoa. Zamu yake ilikuwa imefika na aliifurahia. "Unampa maji lini?"

"Huyu si mmea."

"Lini, Hakimu?"

"Asubuhi namvalisha. Mchana namlisha. Jioni namwogesha. Usiku naamka kuangalia kama anapumua."

"Mara ngapi?"

"Kila nikishtuka."

"Unashtuka mara ngapi?"

"Inategemea."

"Supu," mtu akasema huko nyuma, akanyamazishwa.

"Lakini mimi ni mwanawe wa pe—"

"Anza upya!" wakapaza sauti wote, hata wale waliokuja siku ile kwa mara ya kwanza na hawakujua wanachokisema. Niliwafundisha mwenyewe, sikuwa na wa kumlaumu. Nikaanza upya. Anakaa kwangu. Kwenye kiti. Namvalisha, namlisha, namwogesha, naamka.

Swali la tatu hakuna aliyelitaka. Kinyozi akamwangalia mama wa miwani, mama wa miwani akavua miwani akaanza kuipangusa. Akaliuliza Baba mwenyewe, taratibu, kama mtu anayeongea na mlango uliofungwa.

"Unaogopa nini, mama?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira, na nilianza kwa hasira. "Naogopa kuchungulia lile dirisha tena nikukute pale chini na safari hii hunipungii vidole. Ndicho ninachokiogopa. Umelala kwenye vigae usiku kucha, baba yangu mzazi, na mimi niko kitandani nimejifunika naota upuuzi. Sikuhisi kitu. Sikushtuka. Nimezaliwa na wewe na sikushtuka. Umeridhika?"

Nililia. Ningesema sikulia, lakini mashahidi walikuwa wengi.

"Nimesikia," Baba akasema. Akangoja nimalize kamasi. "Sasa chungu."

Akainama, akapandisha suruali mpaka magotini, mguu mmoja, halafu wa pili. Ile miguu iliyopanda na kushuka ngazi za vyuma kwenye mashimo ya lifti, ambayo nikiwa mtoto nilikuwa naikalia kama farasi, ilikuwa imebaki fimbo mbili. Ngozi ilining'inia. Mimi namvalisha soksi kila asubuhi ya Mungu na sikuwa nimeiona.

"Mizizi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Walitazama vizuri, kama nilivyowafundisha kutazama. Kinyozi alikuwa wa kwanza, na alisema kwa sauti ndogo sana kwa mtu wa ukubwa ule.

"Maji."

"Maji," wakasema wote.

Wakaningoja. Tiba ni yangu kuitaja na hakuna mwingine.

"Arudishwe dirishani kwake," nikasema. "Na asiguswe. Haya, mwingine!"

Ufunguo ulikataa kutoka kwenye pete ya funguo, ukanivunja ukucha, na nikamkabidhi Baba mbele ya watu wote huku nanyonya kidole. Lakini hakuhama siku hiyo hiyo. Nilimwambia subiri kesho, na jioni nikamwomba ufunguo kidogo, nikapita kwa fundi, nikachongesha wa pili. Mimi si mjinga kiasi hicho. Jumapili nikamrudisha. Kinyozi alimpa zawadi ile okidi yake iliyopona, na machozi yalimlenga tena. Tukaiweka dirishani jikoni. Nikafungua mabegi nianze kupanga nguo, Baba akasema, "Asiguswe, umesema mwenyewe."

"Basi," nikasema.

"Basi," akasema.

Nikatoka.

Niseme ukweli, niliudhika. Niliudhika mpaka kwenye visigino. Kuaibishwa mbele ya umma, na baba yangu, kwa kanuni zangu! Nikajiambia, wamesema nisiguse? Sigusi. Sikupiga simu. Sikupita. Nikitoka kazini nilikuwa nashuka kituo cha mbele zaidi nisije nikapita mtaa wake. Simu nilikuwa naishika, naliangalia jina lake, naiweka. Yeye naye hakupiga, kwa sababu hiki kichwa kigumu mnachokiona sikukiokota barabarani. Jirani alinitumia ujumbe kwamba anamwona dirishani, anawapungia watoto wa shule. Nikajibu, vizuri. Nyumbani kwangu nilirudisha birika, nikatandika mazulia, nikajikwaa mimi.

Kikao kiliendelea. Watu waliuliza Mzee hajambo, nikasema hajambo. Kinyozi aliniuliza unakwenda kumwona, nikamwambia aangalie chungu chake. Akasema hana chungu, alimpa Mzee. Nikamwambia basi aangalie vya wenzake.

Halafu Jumamosi moja nikainua macho katikati ya foleni na Baba yupo. Amekuja mwenyewe, na fimbo yake, shati limefungwa vifungo na kimoja kimeruka tundu. Mkononi ana mfuko. Moyo ulinipasuka kwa furaha, na nikasema, "Foleni, Mzee, foleni," na nikamngojesha kama wengine. Kijana wa benki alikuwa mbele yake. Sikumbuki hata kidogo kijana yule alijibu nini. Baadaye niliambiwa niliruka swali zima.

Zamu ya Baba ikafika. Akatoa chungu kwenye mfuko. Ile okidi ya kinyozi, tuliyohangaika nayo wote, ilikuwa imekunjamana kama uso wa mtu anayelamba ndimu. Kinyozi alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Inakaa wapi?" nikauliza.

"Dirishani, jikoni. Pazuri kabisa."

"Unaipa maji lini?"

"Sijaipa."

"Wiki hii?"

"Sijaipa tangu ilipofika." Akanitazama. "Si ndivyo tunavyofundishwa hapa? Kila Jumamosi nilikaa kwenye kile kiti nikasikia maji, maji, maji. Nikajua maji ndiyo adui."

"Baba, tulisema yasizidi. Hatukusema usiipe kabisa!"

"Hilo la kabisa nilidhani unalijua zaidi yangu," akasema.

Feni zilikuwa zinazunguka juu, bomba lilikuwa linadondosha mahali fulani, na mimi nilikuwa nimeshika mkasi wa mizizi na sijui wa nini.

"Swali la tatu bado," mama wa miwani akasema, kwa upole ambao sikuujua kwake.

"Unaogopa nini?" nikamuuliza. Sauti ilitoka vibaya.

Baba akakigeuza chungu mkononi, akakirudisha kilivyokuwa. Alichukua muda, na hakuna aliyemharakisha.

"Naogopa nikiomba kitu chochote," akasema, "hata kidogo, hata mtu wa kunywa naye chai, nitarudishwa kwenye blanketi."

Alitaka kuongeza neno, akaliacha. Hakujitetea. Akamimina chungu mezani.

Maganda ya miti yalitoka makavu kama makapi, yakasambaa. Mizizi ilikuwa nyuzi, myembamba, inavunjika ukiigusa. Watu wakasogea. Nikaona midomo inafunguka kwa mazoea kusema neno lile, na inafungwa. Hawakuwahi kuona kesi ya namna hii. Wakaangaliana.

"Kiu," akasema mama wa miwani.

"Kiu," wakasema, si kwa pamoja, mmoja mmoja, mpaka likamfikia kinyozi na yeye akalisema akiwa amefumba macho.

Nikapekua mizizi kwa kidole. Katikati kabisa, chini ya majani, miwili ilikuwa bado migumu. Mmoja una ncha ya kijani, ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikaichukua okidi, nikavuta ndoo ya maji, nikaichovya nzima. Tukaitazama ikilowa. Ile mizizi miwili ilianza kubadilika rangi polepole, kutoka kijivu kwenda kijani, na Baba akainama karibu kabisa ili aone.

"Mara moja kwa wiki," nikasema. "Asubuhi. Inachovywa, inainuliwa, inaachwa ichuruzike. Maji yasisimame chini yake."

"Mara moja inatosha?"

"Kwa kuanzia."

"Kukiwa na joto?"

"Mbili."

"Na ikiwa mtu anaipenda tu, anataka kuiona?"

"Aje aione," nikasema. "Aje mikono mitupu, aiangalie, aende zake."

"Nimeelewa," Baba akasema.

"Nimeelewa na mimi."

Kinyozi alikuwa anafuta macho kwa taulo la saluni. Nikampa Baba chungu, nikapeleka mkono kwenye kile kifungo kilichoruka tundu, nikaurudisha. Nikamwita mwingine.

Jumapili asubuhi nilikwenda. Sikubeba mkate wala dawa wala fulana ya baridi. Begani nilikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba funguo zangu, na kwenye funguo zangu ule wa pili niliouchongesha. Kwenda kuchungulia dirisha la jikoni ni hatua chache tu ukizunguka. Sikuzunguka. Nikabisha hodi.

Kimya.

Nikabisha tena. Mkono ukaingia wenyewe mkobani, ukaushika ufunguo. Kisha nikasikia kiti kinasukumwa. Fimbo, mguu. Fimbo, mguu. Kitu kikaanguka sakafuni kwa kishindo, kikazunguka, kikatulia. Nikauchomeka ufunguo kwenye kitasa.

"Kifuniko cha sufuria!" Baba akapaza sauti kutoka ndani. "Mimi nimesimama!"

Fimbo, mguu. Alikuwa mbali bado, jikoni huko, na ana ukumbi mzima wa kuvuka. Nikauchomoa ufunguo, nikautia mkobani, nikafunga zipu. Nikausogelea mlango mpaka paji la uso likagusa mbao.

"Nipo hapa, Baba," nikasema. "Sina haraka."